Njiwa wa mbio: kuwafuga, kuwazalisha na kuwafundisha kurudi haraka

Njiwa wa mbio ni njiwa manga yuleyule anayetua juu ya mapaa ya Mombasa na Unguja, ila ametoka kwenye koo zilizochaguliwa kwa zaidi ya miaka 150, hasa huko Ubelgiji, kwa mambo mawili: kuijua njia ya kwao na kuwa na hamu ya kufika upesi. Kuijua njia anazaliwa nako. Hamu ya kufika upesi huijenga mfugaji, na huijenga nyumbani, kwa sababu njiwa akishakuwa angani umbali wa kilomita 200 hakuna amri itakayomfikia. Kinachomvuta ni banda, chakula, mwenzake na makinda wake. Anayeanza hukimbilia kuuliza njiwa wa kwanza amrushe kilomita ngapi. Bora aanze na mbao na misumari.

Banda

Banda la njiwa 20 likiwa na urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2 linatosha. Hiyo ni zaidi ya nusu mita ya ujazo kwa kila ndege. Usilipandishe dari sana: usipoweza kumfikia njiwa kwa mkono utakuwa ukimkimbiza kila siku, na njiwa anayekimbizwa bandani hana sababu ya kuharakisha kurudi humo.

Liinue sentimita 60 hadi 90 kutoka ardhini, juu ya nguzo, ili unyevu usipande na panya wasitoboe sakafu bila kuonekana. Uso wa banda uelekee mashariki ili jua la asubuhi likaushe sakafu. Pwani, mvua ya kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, hivyo paa litokeze mbele walau sentimita 60. Bati tupu huoka ndege, na makuti matupu hulea panya, nyoka na utitiri. Njia ya kati ni bati lenye makuti juu yake, na uwazi wa kiganja kimoja kuzunguka banda lote chini ya paa ili joto litoke. Uwazi huo uzibwe kwa wavu wa matundu madogo ya sentimita 1.2 hivi. Waya wa kuku wa kawaida haufai: nyoka anapita na kinda wa panya anapita. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa kuna adui mwingine ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji, yule kunguru mwenye shingo ya kijivu aliyeletwa kutoka India. Akipata upenyo wa kuingiza kichwa, atakula mayai ya banda zima kwa asubuhi moja.

Gawa vyumba vitatu: wazazi, warukaji na vijana. Kila jozi ya wazazi ipate sanduku lake lenye upana wa sentimita 60, kina 40 na kimo 40. Warukaji wapewe vibao vya kulalia vya mraba, sentimita 30 kwa 30, na vibao viwe vingi kuliko ndege. Vikipungua, kila jioni itakuwa ugomvi, na aliyeshindwa atalala chini kwenye kinyesi, ambako ndiko coccidia (vijidudu vya matumbo) na minyoo hupatikana.

Mlango wa kuingilia uwe na ubao wa kutua wenye upana wa sentimita 60, na nyuma yake fimbo nyembamba za waya zinazoning'inia na kufunguka kuelekea ndani tu. Njiwa anasukuma kwa kifua, anaingia, fimbo zinajifunga. Ukishaujenga mlango huo usiupake rangi nyingine katikati ya msimu. Ndege atauona mgeni na kukaa juu ya paa akiutazama, huku saa inakwenda.

Kipimo cha banda ni pua. Ingia alfajiri kabla hujafungua kitu. Ukisikia harufu kali inayochoma macho, hewa haizunguki, na mafua yatakuja hata ukimwaga dawa za dunia nzima. Kisha tazama kinyesi chini ya vibao: cha njiwa mzima ni kidonge kikavu cha kahawia kilichovaa kofia nyeupe, mara nyingi na kiunyoya kidogo kimegandia. Kikiwa kijani na majimaji, anza kutafuta sababu siku hiyohiyo.

Kupata mbegu

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kununua njiwa mkubwa aliyewahi kushinda, kumkalisha bandani mwezi mmoja, kisha kumfungulia. Atarudi kwa aliyemuuza. Ndege aliyekwisha kuruka kwenye banda jingine anunuliwe kwa kuzalisha tu na akae ndani maisha yake yote. Unaotaka kuwarusha wanunue wakiwa na siku 28 hadi 35, wakati wanajua kula wenyewe lakini hawajawahi kuona paa la kwao kutoka juu. Hao watalijua la kwako.

Nunua ukoo kabla ya kununua ndege. Makinda wanne kutoka kwa wazazi ambao ndugu na watoto wao wanarudi vizuri kila msimu ni bora kuliko bingwa mmoja ambaye ndugu zake wote walipotea. Jike aitwaye New Kim aliuzwa huko Ubelgiji kwa euro milioni 1.6 mwezi Novemba 2020, na aliyemnunua hakukusudia kumrusha tena. Alinunua mayai.

Mkononi, njiwa mzuri huonekana mwepesi kuliko ukubwa wake. Dume huwa kati ya gramu 425 na 525, jike hupungua kidogo. Mfupa wa kifua uwe umenyooka. Uliopinda huonyesha alikosa chokaa au alilelewa vibaya. Vile vifupa viwili vya nyonga nyuma viwe vigumu na karibu karibu, ingawa kwa jike anayetaga hulegea. Manyoya yawe kama hariri na yaache unga mweupe kwenye vidole. Fungua mdomo: koo liwe la waridi, safi, bila utando. Wapo wanaosoma mboni ya jicho kwa lenzi na kutabiri ubingwa. Jicho hukueleza afya ya leo, na kulitumia kuchagua mbegu ni kupiga ramli.

Kuzalisha

Wafungie dume na jike kwenye sanduku moja lenye kizuizi cha waya katikati kwa siku mbili tatu, wakionana bila kugusana. Ukiondoa kizuizi kabla hawajakubaliana, dume anaweza kumchuna jike kichwa hadi damu. Wakianza kuinamiana na kukwaruzana shingoni, ondoa. Weka chungu cha udongo chenye kipenyo cha sentimita 22 hadi 25, na uwaachie majani makavu au vijiti wajenge wenyewe. Ulaya hutumia vikonyo vya tumbaku kwa sababu chawa huvikimbia.

Yai la kwanza huja siku 8 hadi 10 baada ya kupandana, karibu saa 11 jioni. La pili hufuata baada ya saa 44 hivi, yaani mchana wa keshokutwa. Wazazi hulisimamia tu lile la kwanza na huanza kuatamia kwa dhati la pili likitoka, ndiyo maana makinda huanguliwa karibu pamoja, siku ya 17 au ya 18. Jike hukaa kuanzia alasiri hadi asubuhi, dume hushika zamu ya mchana. Ukimkuta dume nje ya kiota saa 7 mchana na mayai yako wazi, kuna jambo.

Siku ya tano chukua yai usiku, liweke mbele ya tochi ya simu. Lenye uhai lina doa dogo jekundu na mishipa inayotawanyika kama mizizi ya mchicha. Lililo wazi na la njano tupu halina kitu. Yote mawili yakiwa tupu, yaondoe wapumzike.

Kwa siku nne tano za kwanza kinda hali nafaka kabisa. Baba na mama wote wawili hutengeneza kwenye gole, kile kifuko cha chini ya shingo, uji mzito wa njano unaoitwa maziwa ya njiwa, na ndani ya siku mbili uzito wa kinda huzidi maradufu. Maziwa hayo huanza kutengenezwa siku chache kabla ya kuangua. Kwa hiyo ukitaka kuwapa mayai ya jozi yako bora walezi wengine, walezi hao wawe wametaga siku hiyohiyo au kupishana siku moja tu. Ukikosea kwa wiki, kinda ataangua akute gole kavu na kufa siku ya pili. Jozi iliyoporwa mayai hutaga tena baada ya siku 8 hadi 10, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mizao mitatu, minne kwa mwaka inatosha. Karibu na ikweta njiwa hutaga miezi yote kwa kuwa mchana haupungui, hivyo kuwatenganisha dume na jike ni kazi yako, hawatajipumzisha wenyewe.

Pete isiyofunguka, yenye namba na mwaka, huvishwa siku ya saba hivi. Shika mguu, kusanya vidole vitatu vya mbele pamoja, vipitishe kwenye pete, kisha sukuma pete juu huku kidole cha nyuma kimelazwa kuelekea kwenye goti. Pete ikikivuka kifundo, chomoa kidole hicho kwa njiti ya kiberiti. Ikidondoka, subiri kesho. Ukichelewa hadi siku ya kumi huenda isiingie kabisa, na kinda asiye na pete hatakubaliwa mashindanoni hata awe na mbio za upepo.

Watoe kwa wazazi siku ya 25 hadi 28, wakati manyoya chini ya bawa yamefunga. Siku ya kwanza bila wazazi, chovya mdomo wa kila mmoja majini hadi umwone akimeza. Wengi wanaokufa wiki hiyo hufa kwa kiu karibu na chombo kilichojaa.

Kuhusu kuoanisha, akina Janssen, ndugu wafugaji wa Arendonk huko Ubelgiji, walipata jina duniani kwa kushikilia ukoo mmoja na kuuchuja bila huruma. Njia hiyo inafanya kazi ukiwa na ujasiri wa kuondoa wengi. Babu kwa mjukuu, au ndugu wa baba mmoja, huimarisha sifa nzuri na mbaya vilevile. Makinda wadogo wadogo, mayai yasiyoangua na vifo vya kiotani ni dalili kwamba umekaza mno. Wanaoruka vizuri zaidi mara nyingi ni wale wa mchanganyiko, baba wa ukoo mmoja uliokazwa na mama wa mwingine. Andika kila kitu kwenye daftari. Kumbukumbu ya kichwani inampendelea ndege mwenye rangi nzuri.

Chakula na maji

Njiwa mzima hula gramu 30 hadi 35 kwa siku. Wanaolisha makinda hula mara mbili ya hapo. Mchanganyiko wa wazazi, kwa kilo 10: mahindi madogo kilo 2.5, ngano 1.5, mtama 1.5, choroko 2, mbaazi 1, kunde 1, alizeti nusu. Hapo protini inakaribia asilimia 16. Kwa warukaji geuza: mahindi 4, mtama 2, ngano 1.5, mchele usiokobolewa 1, choroko 1, alizeti nusu, na protini inashuka hadi karibu asilimia 12. Mahindi ya bisi ni mazuri kuliko yote kwa sababu punje zake humezwa kwa urahisi. Maharage mabichi yana sumu, na soya mbichi huzuia protini isitumike, kwa hiyo viache. Mahindi au karanga zenye ukungu usizijaribu hata kwa ndege mmoja: sumukuvu huua ini polepole, na utadhani njiwa amekuwa mvivu.

Usijaze chombo ukaondoka. Walishe jioni kwa mkono, kidogo kidogo, ukipiga filimbi au ukitikisa kopo lenye punje. Tazama: wawili watatu wakiacha kula na kuelekea majini, ondoa sahani. Wameshiba. Kinachobaki kingeliwa kesho asubuhi na kuharibu mazoezi. Sauti ya kopo hilo ndiyo kamba pekee utakayokuwa nayo wakiwa juu ya paa, basi usiitikise kamwe bila kuwapa kitu.

Njiwa hana meno, husaga kwa firigisi. Changanya changarawe ndogo, maganda ya chaza yaliyopondwa, mkaa kidogo na chumvi kidogo, na ubadilishe kila siku mbili kwa sababu hunyonya unyevu. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, chombo kisuguliwe. Karai la kuogea mara moja au mbili kwa wiki, kisha limwage mara tu wanapomaliza.

Magonjwa yanayomaliza banda

Mdondo, au kideri, humpata njiwa kwa namna yake: kinyesi majimaji kama amemwagiwa maji, kisha shingo inapinda, na akidonoa punje anaikosa kwa sentimita moja. Haina tiba. Chanjo ya njiwa ni ya sindano chini ya ngozi, sehemu ya chini ya shingo upande wa mgongo, wakishatimiza wiki sita na kurudiwa kila mwaka wiki kadhaa kabla ya msimu. Usichome karibu na kichwa, kuna mishipa mingi ya damu hapo na ndege anaweza kufa mkononi. Muulize bwana mifugo chanjo ipi inapatikana kwenye eneo lako na kiasi chake.

Ndui huletwa na mbu, ndiyo sababu hushamiri baada ya masika: vidonda vya magamba mdomoni, machoni na miguuni. Vidonda vya kooni vyenye utando wa njano kama jibini ni jambo jingine, ni kijidudu Trichomonas, ambacho wazazi huwapa makinda kwenye maziwa yenyewe. Hicho hutibika kwa metronidazole, kipimo kwa uzito wa ndege. Usimbandue ule utando, damu itatoka bila kukoma.

Inzi wa njiwa, yule bapa wa kahawia anayekimbia kama kaa chini ya manyoya, ananyonya damu na kueneza vijidudu vya damu vinavyofanana na malaria. Pupa wake, yaani buu aliyejifunga ndani ya ganda, hukomaa kwenye takataka za kiota na ufa wa mbao. Ukibadilisha majani ya viota na kufagia pembe zote kila baada ya wiki mbili, unavunja mzunguko kabla wapya hawajatoka. Unga wa permethrin kwa ndege wazima unasaidia, lakini ufagio unasaidia zaidi.

Dawa za minyoo zina mtego. Fenbendazole wakati wa kubadili manyoya huharibu manyoya yanayoota, na ikizidi huua. Levamisole huwatapisha, hivyo ipewe wakiwa hawajala. Na antibaiotiki za kila Jumatatu "kwa tahadhari" huzaa banda ambalo haliwezi kusimama bila dawa.

Kufundisha

Wiki ya tano, siku tatu nne mfululizo, waweke vijana kwenye kizimba cha waya juu ya ubao wa kutua saa moja kabla ya kula. Waone paa, miti, minazi, jirani. Kisha wasukume ndani kupitia fimbo za waya wakafuate kopo. Siku ya kufungua kwanza wawe na njaa, iwe jioni, pasiwe na upepo mkali, na usiwarushe kwa nguvu. Watoke wenyewe. Aliyeshtuliwa na mbwa siku hiyo hupanda juu akapotelea mbali.

Kwa wiki kadhaa watazunguka dakika tano, kumi. Halafu siku moja kundi zima litatoweka saa nzima na kurudi kutoka upande mwingine. Hiyo ndiyo dalili unayoisubiri: wameanza kuchora ramani yao. Wanatumia jua kama dira, nguvu za sumaku za dunia, harufu za upepo na alama za ardhini kama barabara na mito. Watafiti wanabishana kuhusu uzito wa kila kimoja. Kwako matokeo ni kwamba usiwarushe kwenye ukungu.

Kabla ya safari ya kwanza, walaze usiku mmoja ndani ya tenga palepale nyumbani, maji yakiwa yamening'inizwa nje, wajifunze kunywa kwa kutoa kichwa. Tenga la kuku la mviringo huvunja mikia. Tengeneza la chini bapa, sentimita 80 kwa 50, kimo 25, lenye nyasi kavu sakafuni. Linachukua ndege 12. Kwenye gari, lisikae kwenye buti iliyofungwa ambamo moshi huingia.

Chagua mstari mmoja na ukae nao. Kwa mfugaji wa Dar es Salaam mstari wa asili ni magharibi: kilomita 5 mara tatu, 10 mara mbili, 20, kisha Kibaha karibu 40, Mlandizi 60, Chalinze 100, Morogoro karibu 180, na walio wakomavu wafike Dodoma, karibu kilomita 400 kwa mstari wa angani. Wa Mombasa hufuata barabara ya Voi. Usikatize bahari kwa vijana. Hatua usiruke: kundi lililopelekwa kutoka 20 hadi 100 kwa pupa hurudi nusu, na nusu hiyo inarudi kesho yake.

Wakifika mahali pa kurushia, waache ndani ya tenga dakika 20 hadi 30 watulie na kuona anga. Saa 1 asubuhi ni nzuri, kabla ya joto na kabla vipanga na mwewe hawajaanza kupanda na hewa ya moto. Wasiwe wamekula asubuhi hiyo. Baada ya safari nne tano za kundi, anza kuwarusha wawili wawili, kisha mmoja mmoja kutoka karibu. Ndege aliyezoea kufuata wenzake atawafuata hadi kwenye banda la mwingine.

Upepo uhesabu. Wakitoka Dodoma kwenda Dar kipindi cha kusi wanaukabili upepo, na safari ileile itachukua muda mrefu kuliko wakati wa kaskazi. Usimlaumu ndege kwa saa moja ya upepo. Kaskazi nayo huja na jua la Januari na Februari, kwa hiyo rusha mapema zaidi.

Hamu

Hapa Wabelgiji wametutangulia. Njia yao maarufu ni ujane. Oanisha madume, waache walee kinda mmoja, kisha mtoe jike pamoja na kinda. Dume anabaki na sanduku lake tupu wiki nzima, anakula vizuri, anaruka asubuhi na jioni. Siku ya kupelekwa mbioni, mwoneshe jike wake dakika tano, mtie tengani. Akirudi, jike yumo sandukuni anamsubiri, waache pamoja saa moja mbili. Baada ya wiki mbili hata ukiligeuza lile sanduku tayari anajua kinachofuata. Ukisahau kumweka jike siku moja tu, Jumamosi ijayo atakaa juu ya paa.

Majike hufanya vizuri wakiwa na kiota: mayai ya siku 10 hadi 12, au kinda wa siku tano hadi nane. Mwenye kinda wa siku tatu usimpeleke, maziwa yamejaa gole na anaumia.

Siku ya mbio na hesabu

Siku tatu za mwisho ongeza mahindi na alizeti, kwa sababu safari ndefu huendeshwa na mafuta ya mwili. Siku ya mwisho mazoezi yawe mepesi.

Mshindi hapatikani kwa kutua kwanza. Mabanda hayako mahali pamoja, hivyo umbali hugawanywa kwa dakika. Chukua ndege waliorushwa saa 12:30 asubuhi. Wa kwanza anatua saa 2:58:45 kwenye banda lililo mita 179,340 kutoka hapo: ametumia dakika 148.75, yaani mita 1,205.65 kwa dakika. Mwingine anatua saa 3:03:30, lakini kwake ni mita 186,900: dakika 153.5, mita 1,217.59. Wa pili ndiye mshindi, ingawa alitua karibu dakika tano baadaye.

Saa husimama ndege anapokanyaga antena iliyo nyuma ya fimbo za mlango, kwa pete ya kielektroniki aliyovaa mguuni. Paa halina antena. Nusu dakika ya kusitasita juu ya bati, kwa mwendo huo, ni mita 600 zimetupwa. Basi siku hiyo wageni wasisimame uani, nguo zisianikwe karibu na ubao, na anayetikisa kopo awe ni yuleyule wa kila siku.

Aliyerudi apewe maji yenye sukari kidogo na chumvi, nafaka nyepesi kama mtama na ngano, asirushwe siku mbili. Pima kifua chake kwa vidole: misuli ikiwa imezama pembeni ya mfupa, apumzike wiki mbili au tatu. Anayechelewa siku mbili akiwa na jeraha la kipanga si mvivu. Anayechelewa mara tatu akiwa mzima, amenona, alikula kwa watu njiani.

Kunjua bawa lake kabla ya kila mbio. Manyoya makubwa kumi ya nje hubadilishwa moja baada ya jingine kuanzia ndani, kazi ya karibu miezi sita. Akiangusha moja la katikati anaweza kuruka. Akiwa na pengo kwenye la nane, la tisa au la kumi, mwache nyumbani hadi limalize kuota. Ukiona mstari mwembamba umekatiza unyoya kama mkato wa wembe, hesabu nyuma: siku unyoya huo ulipokuwa unaota huko ndani ya ala, alikosa chakula, aliugua au alipewa dawa. Tafuta tarehe hiyo kwenye daftari.